Kwa Shangazi wa Mwaloni: Nimejitamkia utajiri miezi mitatu, deni linazidi kukua

Mwangaluka, wasomaji wangu. Barua za mwezi huu nimezisoma zote nikiwa nimekaa kibarazani hapa Kirumba, na nyingi zina neno moja ndani yake: mtazamo chanya. Kuna walioambiwa kanisani, kuna walioambiwa kwenye semina, kuna walioambiwa na wajomba zao. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana mwandishi wake amenikumbusha mwaka ambao na mimi nililala nimegeukia ukuta.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Igogo, nafanya biashara ya dagaa. Nanunua wabichi kwa wavuvi, naanika, nawauzia wanaopeleka Shinyanga na Tabora. Mwezi wa tatu nilichukua mkopo wa kausha damu, shilingi 500,000, marejesho 25,000 kila siku kwa siku 30. Siku ya nne mvua ikanyesha mchana, dagaa wako mchangani. Karibu wote wakaharibika, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nikachukua mkopo wa pili ili nilipe wa kwanza. Rafiki yangu akanipeleka kwenye semina, kiingilio 10,000. Mwalimu akasema umaskini unaanzia kichwani, kwa hiyo kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tuseme "Mimi ni tajiri, fedha zinanifuata," na neno deni tusilitaje kabisa. Nimefanya hivyo miezi mitatu bila kuruka siku. Simu za wakopeshaji nikaacha kupokea, kwa sababu tuliambiwa tusiruhusu sauti hasi. Sasa wamefika hadi nyumbani, wanasema watabeba kochi na televisheni. Nilipomrudia mwalimu akaniambia imani yangu ina ufa. Nimekosea wapi? Kuwaza vizuri kunabadilisha maisha kweli, au tunadanganyana?*
Mama wa Watatu, Igogo

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la ufa, kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko hata kochi. Imani yako haina ufa wowote. Mama anayeamka alfajiri siku 90 mfululizo, watoto bado wamelala, akasimama mbele ya kioo kutamka maneno asiyoona dalili yake popote ndani ya nyumba, huyo ana imani ya kuwagawia wengine. Aliyekuambia vile alichukua shilingi 10,000 zako, na maneno yake yaliposhindwa akakutupia wewe lawama. Nimekasirika kwa niaba yako.

Umeuliza kama kuwaza vizuri kunabadilisha maisha. Kunabadilisha. Kulibadilisha yangu, na nitakueleza ilivyokuwa.

Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 1997 wenye umri wangu hawana haja ya kukumbushwa. Nilikuwa na magunia 14 ya dagaa stoo, mengine yangu, mengine nimekopa kwa wenzangu kwa mdomo tu, bila karatasi. Maji yakaingia usiku. Dagaa wakilowa hawakungoji. Siku ya tatu harufu ilikuwa inafika barabarani na nzi wamefunika mlango mzima. Nikalala. Usingizi haukuwepo, nililala tu uso ukiwa ukutani, siku kumi na moja. Wadai wakibisha hodi, binti yangu mkubwa anawajibu "Mama hayupo." Na mimi nipo, namsikia mtoto wangu anajifunza kudanganya.

Tulikuwa na jirani, bibi mmoja wa Kikerewe, hakujua kusoma wala kuandika. Siku hiyo aliingia moja kwa moja hadi chumbani, mkononi ana bakuli lenye mahindi makavu na maharage. Akatandika mkeka, akaketi. Hakuniambia nijikaze. Hata Mungu hakumtaja, na alikuwa mtu wa sala haswa. Akasema, "Nitajie wanaokudai, mmoja mmoja." Kila jina nililotaja akaweka punje ya mahindi kwenye mkeka. Punje zikafika tisa, zikaishia hapo. Tisa! Kwa siku kumi na moja, kichwani mwangu zilikuwa mia. Kuku akaingia akadonoa moja. Bibi akamfukuza, akachukua punje nyingine bakulini, akaiweka palepale ilipokuwa. "Kuku hajakulipia," akasema.

Kisha: "Sasa nitajie ulichobaki nacho." Nikamjibu sina kitu. Akaweka haragwe moja. "Hili ni karai lako la kukaangia, naliona pale." Akaweka la pili, la tatu na la nne, watoto wangu watatu, wazima. "Baiskeli ya baba yao ipo?" Ipo. Haragwe. "Yule mteja wako wa Shinyanga, amekufa?" Hajafa, Bibi. Haragwe. La saba akaliweka bila kuniuliza, akanishika mikono yote miwili akaigeuza viganja juu, akaitazama, akaniachia.

Tisa kwa saba. Nilikaa nikiziangalia zile punje mpaka jua likahama mlangoni. Mwisho Bibi akaokota punje moja ya mahindi, ile ya deni dogo kuliko yote, akanitia kiganjani. "Kesho asubuhi nenda kwa huyu. Mwambie huna. Mwambie utapata lini. Basi, urudi."

Nilikwenda. Mama yule alinifokea mbele ya watu, na nilistahili, kwa sababu nilikuwa nimejificha. Alipomaliza akaniuliza watoto wamekula nini. Nikarudi nyumbani na sato wawili na deni lilelile. Usiku ule nililala chali, natazama dari, na binti yangu akaja akalala pembeni yangu. Madeni yote tisa yalichukua mwaka mmoja na miezi minne kuisha.

Mwanangu, kule kuhesabu ndiko ninakoita kuwaza vizuri. Bibi hakuniongopea hata neno moja. Alinionyesha ubaya ulivyo, na ukawa mdogo kuliko nilivyoujaza kichwani; akanionyesha kilichobaki, nikakuta ni kingi kuliko nilivyodhani; akanipa kazi ya asubuhi moja.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, bingwa wa magonjwa ya akili. Alimpoteza mgonjwa aliyeshindwa kurudi hospitali kwa kukosa nauli ya basi, dola 15. Nauli tu. Mwaka 2006 pale Harare akaanza kuwafundisha bibi za mtaani kukaa na watu waliolemewa, kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hao hawaanzi kwa kumwambia mtu awaze mazuri. Wanamwomba ataje matatizo yake yote, achague moja, kisha watafute pamoja hatua ya kulipunguza. Hatua ya kwanza wanaiita kwa Kishona *kuvhura pfungwa*, yaani kufungua fikra. Na ule ugonjwa wenyewe watu wa kule wanauita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Sikuhitaji mkalimani, ndugu zangu wa Kibantu wananielewa. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 573 katika zahanati 24: waliokaa na bibi, baada ya miezi sita, walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Niliposoma pale nililia. Nilikuwa namwona Bibi wangu na bakuli lake.

Na kuhusu kioo, yupo mwanasaikolojia Mjerumani, Gabriele Oettingen, ambaye amewafuatilia kwa miaka mingi watu wanaojijazia picha tamu za mafanikio. Katika utafiti wake mmoja uliochapishwa 2002, wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakijiona mara kwa mara wakiwa kwenye kazi nzuri, baada ya miaka miwili walikuwa wametuma maombi machache ya kazi na walikuwa wanalipwa kidogo kuliko wenzao. Lakini waliokuwa na matarajio mema, wakiona wana uwezo na njia ipo, hao walifanya vizuri zaidi. Tofauti ni hiyo. Picha tamu inaulegeza mwili kana kwamba umeshafika, na matarajio yanakuamsha uende. Ulipokuwa unasema "fedha zinanifuata," mwili wako ulikuwa unapumzika. Naelewa kwa nini ulihitaji kupumzika. Ila marejesho yalikuwa hayapumziki.

Sasa tuhesabu, kama Bibi.

Ulikopa 500,000. Marejesho 25,000 mara siku 30 ni 750,000. Kwa mwezi mmoja wametaka robo milioni juu ya mtaji wako. Hapo bado hatujagusa jambo ambalo wewe na mimi tunalijua na aliyekukopesha halimhusu: mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Giza likiwa nene wanaifuata karabai, siku hizi taa za sola, wanakusanyika, wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haivuti kitu, mitumbwi mingi inalala ufukweni, watu wanashona nyavu. Siku hizo dagaa ni haba na bei iko juu, kwa hiyo kwako ni siku za kukaa. Tuseme katika siku 30 unafanya kazi kamili siku 20. Basi zile 750,000 zinatakiwa zitoke kwenye siku 20, na hiyo ni 37,500 kila siku ya kazi, kabla hujanunua unga, kabla ya ada, kabla ya ndoo moja ya dagaa wa kesho. Mkopo wa kulipa kila siku haujui mbalamwezi. Hata jua lingewaka mwezi mzima, mwanangu, ungebanwa. Kosa lilikuwa kwenye hesabu tangu siku uliposaini, na hesabu ni kitu kinachorekebishika.

Ninachotaka ufanye ni hiki. Leo usiku, watoto wakilala, chukua daftari la shule lenye kurasa zilizobaki. Ukurasa wa kushoto andika kila unayedaiwa naye, kiasi ulichochukua, ulichokwisha kulipa, kilichobaki. Neno deni liandike kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kulia andika ulicho nacho: vyombo, wateja kwa majina, watoto, afya, ujuzi wako wa kumjua dagaa aliyekauka kwa kumvunja tu. Ukishindwa ukurasa wa kulia, mwite jirani akusaidie. Mimi peke yangu nisingepata hata haragwe moja.

Kesho pokea simu. Bora zaidi, nenda mwenyewe ofisini kwao kabla hawajarudi kwako, na usiende peke yako. Nenda na ndugu au mwenyekiti wa mtaa. Omba wakuandikie kilichobaki, omba marejesho ya wiki badala ya kila siku, taja kiasi unachokiweza kweli. Ukitaja kikubwa ili waondoke wamefurahi, utajificha tena. Waulize pia kuhusu leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kampuni za kukopesha zipewe leseni na Benki Kuu ya Tanzania, na nimeona mara nyingi sauti ya mkopeshaji ikishuka akiulizwa swali hilo kwa upole. Wakija kubeba vitu, mwite mwenyekiti wa mtaa aone wana karatasi gani. Na mkopo wa tatu wa kulipa wa pili, hapana. Hata ukiletewa mlangoni na mtu mwenye tabasamu.

Kwenye biashara, toka mchangani. Dagaa akianikwa kwenye chanja, nyavu imevutwa juu ya miti, hewa inapita juu na chini, anakauka upesi, hana mchanga, bei yake inapanda. Mvua ikija mnakunja na kufunika kwa turubai. Chanja ni gharama, najua, lakini wanawake watatu mnaweza kuijenga moja mkagawana zamu. Na masika, badala ya kupigana na mawingu, kaanga. Mimi nilianza upya na lile karai moja, dagaa wa kukaanga na chumvi na pilipili kidogo, nauza kwa vifuko stendi. Zile siku za mwezi mpevu nilikuwa nazitumia kufuata hela kwa walionikopa na kurekebisha daftari.

Mkishakuwa kikundi kinachoeleweka, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yenu mkaulize mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Inahitaji kikundi na uvumilivu wa makaratasi, na wewe uvumilivu umeshauonyesha mbele ya kioo.

Kioo chenyewe usikitupe. Simama palepale, saa ileile, ila ubadilishe maneno. Sema, "Nadaiwa kiasi hiki. Nimebaki na hiki. Leo asubuhi naenda kwa fulani." Taja kiasi, taja jina. Kisha nenda. Uniandikie baada ya wiki mbili, nataka kujua alivyokujibu yule wa kwanza.

*Shangazi shikamoo. Naishi Nansio, Ukerewe, miaka 21. Kidato cha nne nimefeli mara mbili. Wenzangu wapo Mwanza, wapo Dar, mimi namsaidia baba mdogo kutengeneza injini za mitumbwi. Kila mtu ananiambia amini tu, utatoboa. Naamini, lakini siku zinapita. Niendelee kuamini hadi lini?*
Kijana wa Nansio

Marahaba, baba. Wanaokuambia utatoboa wanakupenda, usiwachukie. Ila umeandika barua nzima kuhusu mtihani, na injini umezitaja kwa maneno machache tu, wakati hapo ndipo ulipo na riziki. Mvuvi akiharibikiwa injini katikati ya ziwa, upepo umebadilika, haulizi fundi alipata daraja gani. Usione vyaelea, vimeundwa, na kuna mtu aliyeviunda akiwa na grisi hadi kwenye viwiko.

Nenda ukaulize VETA, kile chuo chao cha Mwanza kilichopo Nyakato, kuhusu ufundi wa mitambo: sifa, ada, na kozi fupi kama zipo. Bado una hamu ya cheti cha kidato cha nne? Unaweza kurudia masomo machache kama mtahiniwa wa kujitegemea huku unafanya kazi. Na nikupe kitu kimoja cha kushika. Mtaalamu Peter Gollwitzer alionyesha katika andiko lake la 1999 kwamba nia yenye saa na mahali inatimizwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitaenda VETA siku moja" ni nia tupu. Wewe sema hivi: "Jumatatu, nikishuka kwenye meli Mwanza, kabla sijala, napanda daladala ya Nyakato." Hiyo "kabla sijala" usiisahau. Nawajua vijana wa visiwani, mkifika mjini mnaanza na chipsi.

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Mabatini. Mke wangu amefariki miezi minne iliyopita, ameniachia watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitano. Kazini nasema niko poa. Shemeji zangu na wenzangu wa jumuiya wananiambia niwaze mazuri, nimshukuru Mungu kwa yote, niache kulia mbele ya watoto. Kitenge chake bado kipo nyuma ya mlango wa chumbani, wanataka kukitoa ili nisahau. Najitahidi kuwaza chanya, nashindwa. Usiku silali. Nina tatizo?*
Baba wa Mabatini

Pole sana, mdogo wangu. Pole tena. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Wewe huna tatizo la mawazo. Umefiwa. Huyo mama wa Igogo hapo juu nimempa kazi za kesho asubuhi kwa sababu deni linahesabika na linalipika. Wewe sina la kukupa la namna hiyo, na anayekupa kazi ya kuwaza mazuri mwezi wa nne anakubebesha mzigo juu ya mzigo. Miezi minne ni juzi.

MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, Mwanza nzima ilikuwa msiba. Nilikuwa na jirani hapa Kirumba aliyempoteza mtoto wake wa kiume, mwanafunzi. Tulikwenda naye Igoma kwenye makaburi, tukarudi naye. Sisi wanawake wa mtaa tukafanya kosa: baada ya arobaini tukaanza kumwambia basi, mama, inatosha, una watoto wengine, waza hao. Akanyamaza. Tukadhani amepona, kumbe alikuwa anatuficha sisi. Aliniambia mwenyewe baada ya miaka, tukiwa tunachambua mchele: "Mlininyima mahali pa kulia." Nilimwomba radhi palepale, ungo uko mapajani. Tangu siku hiyo sijamwambia mfiwa yeyote awaze mazuri.

Kwa hiyo lia. Mbele ya watoto pia, si kila siku, lakini wakuone. Huyo wa miaka mitano anamkosa mama yake na hana maneno. Akiona baba analia na kisha baba anafuta uso na kuwasha jiko, anajua machozi yana mwisho wa siku na chakula bado kitaiva. Mtajeni mama yao mezani. Litajeni jina lake. Kazini tafuta mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kwake hutasema niko poa.

Hilo la kutolala lakini nisilipite. Kama ni usiku wa hapa na pale, ni msiba. Kama ni wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, kazi huziwezi, au yamekujia mawazo kwamba heri na wewe usingekuwepo, hapo usingoje barua yangu nyingine. Nenda hospitali wiki hii. Bugando wana huduma ya magonjwa ya akili, na wanaokwenda pale ni watu kama wewe na mimi. Sonona inatibika. Na yakikujia hayo mawazo ya mwisho usiku, usikae nayo peke yako hadi asubuhi; mwamshe shemeji, mwamshe jirani, gonga mlango wowote. Nakuomba kama dada.

Shemeji zako waambie nimesema hivi, na uwaonyeshe gazeti: wanakupenda, na wakitaka kukusaidia waje Jumamosi wafue nguo za watoto, au wamchukue mdogo kwa saa tatu ulale mchana. Kitenge kiacheni nyuma ya mlango. Siku utakayotaka kukitoa utakitoa mwenyewe, na pengine utamkatia binti yako gauni, au utakikunja ukakiweka sandukuni. Hapaharibiki kitu kikikaa.